Mnadi wa Didia Aliyekauka Kinywa

Saa moja asubuhi, vumbi la kwato limekwisha kupanda juu ya boma la mnada wa Didia. Nassibu bin Zamoyoni amesimama juu ya sanduku la mbao katikati ya uwanja. Kanzu yake ameifunga kiunoni kwa mshipi, mkono wa kulia ameshika fimbo, na mkono wa kushoto kibuyu kidogo cha maji. Dume jekundu lenye nundu linaingizwa. Kabla ya kusema neno lolote, mnadi anapiga funda moja. Halimezi upesi. Analizungusha taratibu pande zote za kinywa, analiweka kidogo chini ya ulimi, ndipo anapolimeza na kuinua fimbo.

"Shilingi ishirini! Dume la miaka minne, halina kilema! Nani ataongeza?"

"Mzee Nassibu," anaita Hatibu, mchinjaji anayepeleka nyama kwenye makambi ya dhahabu ya Geita, "leo unanadi ng'ombe au unanadi kibuyu? Kama ni kibuyu, nitajie bei!"

Watu wanacheka. Nassibu hageuki.

"Kibuyu hakiuzwi, Hatibu. Toa ishirini na mbili au uwapishe wenye haja."

Hatibu anatoa ishirini na mbili, na dume linapelekwa pembeni. Mnadi anapiga funda jingine. Atafanya hivyo kwa kila ng'ombe, kwa sababu kinywa chake hakina mate. Baada ya saa mbili za vumbi, asipojihadhari, ulimi wake hushikana na kaakaa, maneno hukatika katikati, na wanunuzi hulalamika kwamba hawakusikia bei. Kazi hii humpa senti kumi kwa kila ng'ombe anayeuzwa. Jumamosi njema humaliza na shilingi nne.

Leo anaitunza sauti yake kuliko Jumamosi nyingine zote. Itakapotimia saa nne, uwanja utakapokuwa umejaa, Nassibu ameahidi kusimamisha mnada na kutamka mbele ya watu wote kwamba mwanamke aitwaye Mageni binti Mihayo si mwizi, na kwamba yeye, Nassibu, ndiye aliyemwita mwizi bila kujua lolote. Sauti ikimkwama kabla ya saa hiyo, mwanamke huyo atabaki na jina alilopewa miaka saba iliyopita.

Karani wa mnada, Bwana Kamili, mtu wa Bukombe aliyelelewa na mapadre, anaijua ahadi hiyo na haipendi. "Nimemwambia uwanja huu ni wa ng'ombe, si wa maungamo," anasema akinoa penseli yake. "Akinipotezea wanunuzi, Jumamosi ijayo nitatafuta mnadi mwingine. Mimi nina wakubwa wangu."

Nassibu ana umri wa miaka hamsini na minne hivi. Alizaliwa katika mji wa Shinyanga. Baba yake alikuwa mtu wa Ujiji aliyefuata biashara ya chumvi, mama yake Msukuma wa hapohapo. Mjomba wake wa Tabora alimfundisha Kurani, kusoma na kuandika, na jambo moja zaidi lililompa heshima na riziki kwa muda mrefu: kuapisha watu kwa mchele.

Kiapo hicho wazee wa mjini wanakijua vizuri. Kitu kikipotea na mwizi asipoonekana, wanaoshukiwa hupangwa mstari. Mwapishaji husoma dua juu ya sahani ya mchele mkavu, kisha humpa kila mmoja kiasi cha kujaza kiganja. Mtu hutafuna, halafu hutema mkononi mwake. Aliyetema donge lililolowa ameonekana hana hatia. Aliyetema unga mkavu ndiye mwizi. Hapakuwa na rufaa.

"Nilikiamini kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza," anasema Nassibu. "Sikuwa tapeli. Watu wanataka niseme nilikuwa tapeli, ingekuwa rahisi kwao na kwangu. Niliamini."

Mwaka 1930 alikuwa mnyapara katika kambi ya mchimbaji mmoja wa Kizungu aliyetafuta dhahabu mwendo wa siku moja kupita Kharumwa. Wafanyakazi wengi walitoka Didia na vijiji vya jirani. Mageni alikuwa mpishi wao. Mume wake alichimba shimoni. Siku moja kikopo cha vumbi la dhahabu, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kilikosekana mezani kwa Mzungu. Mzungu alisema kesho ikifika bila kujulikana mwizi, kambi nzima italala kizuizini. Nassibu alisema hapana haja ya kungoja kesho.

Walipangwa watu saba. Mageni alikuwa wa mwisho. Kabla ya kupokea mchele aliomba maji.

Maneno yaliyosemwa hapo yamesimuliwa na Nassibu na yamesimuliwa na Mageni mwenyewe, na simulizi zao hazitofautiani hata kwa neno moja.

"Nipe maji kidogo kwanza, baba mnyapara. Kinywa changu ni kikavu tangu zamani, hata mume wangu anajua."

"Anayeomba maji mbele ya kiapo amekwisha kujitaja."

Mume wake alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo. Alinyamaza.

Mageni alitafuna. Alipotema, mchele ulimwagika kiganjani kama unga uliotoka sasa hivi kinuni, na baadhi ya punje zilikuwa na damu ya ufizi. Nassibu alimshika mkono, akauinua juu ili watu wote waone, akatangaza kwa sauti ile ile anayonadia ng'ombe leo: "Huyu hapa!"

Kikopo hakikuonekana kwa Mageni, wala hakikupata kuonekana mahali pengine. Baba yake, Mzee Mihayo, alitoa ng'ombe watatu kwa mwenye kambi ili binti asipelekwe jela. Mume alimrudisha kwao mwezi uleule. Tangu hapo, katika kijiji chao kilicho mwendo wa saa mbili kutoka Didia, hakuna jirani aliyemwachia mtoto wala aliyeingia uani kwake kuomba moto.

Mwaka 1934, Nassibu mwenyewe alianza kuamka kila siku ulimi ukiwa umeganda kama ngozi iliyoanikwa. Alidhani ni upepo wa kiangazi. Kiangazi kilipita, mvua zikanyesha, ulimi ukabaki vilevile. Ugali ulimkaba. Michembe, viazi vikavu alivyovipenda tangu utoto, hakuweza tena kuvitafuna bila kuvilowesha. Macho yakaanza kuwasha kama yameingiwa na mchanga. Midomo ilipasuka pembeni. Katika mwaka mmoja meno matatu ya mbele yalioza kuanzia kwenye fizi na kukatika.

"Kwanza nilifurahi," anasema mkewe, Mwanne, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, huku akipembua choroko. "Mume wangu akitaka kunifokea, hana budi aende mtungini kwanza anywe maji. Akirudi, mimi nimekwisha kwenda kwa jirani." Kisha anaacha kucheka. "Lakini Ramadhani ilimtesa. Alifunga yote, ulimi umepasuka, ananionyesha damu kwenye leso. Nikamwambia, Baba Chausiku, Mungu hakukutuma ujiue. Hakunisikia."

Alifunga hivyo miaka miwili kwa kiburi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipopata habari alimwita, akamsomea ruhusa ya mgonjwa, akamwamuru alishe maskini badala ya kufunga. Nassibu anasema siku hiyo alilia, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye elimu kumwita mgonjwa.

Jambo lililomgeuza lilitokea mwaka jana. Jirani mmoja mjini alipotelewa na doti mbili za kanga, akaja kumwomba aapishe watu wa nyumba yake. Nassibu alikuwa hajaapisha kwa miaka mitatu, lakini alikubali. Kwa desturi aliyofundishwa, mwapishaji hutafuna kwanza yeye, ili watu waone kwamba mchele hauna dawa. Alisoma dua, akatia mchele kinywani, akatafuna, akatema.

Kiganjani pake palikuwa na unga mkavu.

"Niliufumba mkono," anasema. "Nikasema mchele huu umeoza, hautafaa kwa kiapo, tuonane siku nyingine. Watu wakatawanyika. Nikabaki nimekaa pale mkekani, na huo unga mkononi, sikuweza hata kuufungua. Nilisikia sauti ya yule mwanamke. Nipe maji kidogo kwanza, baba mnyapara. Nilikuwa sijaikumbuka siku hata moja."

Mwandishi alimwuliza kwa nini aliufumba mkono.

"Kwa sababu nilikuwa nimewafundisha watu mimi mwenyewe nini maana yake."

Wiki iliyofuata alikwenda katika dispensari. Dresa wa hapo, yaani mhudumu wa wagonjwa, Telesphori, kijana mwenye asili ya Ushirombo, alimpokea vizuri na hakumpa dawa upesi. Alimwuliza maswali mengi: anamezaje chakula kikavu, macho yanaonaje vumbi, anakojoa mara ngapi, anavuta tumbaku au ugoro. Aliupima mkojo wake asione sukari. Kisha alimwambia afungue kinywa, akaweka vidole viwili chini ya taya, akabonyeza na kuvuta mbele polepole.

"Nilikuwa nangoja mate yatoke," anaeleza Telesphori. "Chini ya taya na mbele ya masikio kuna tezi, ndizo chemchemi za mate. Kwa mtu mwenye afya ukibonyeza hivi, tone linaonekana chini ya ulimi. Kwa mzee yule nilibonyeza mara tatu. Hapakuwa na kitu."

Alimweleza bila kumficha kwamba tezi zake zimedhoofika, kwamba sababu yake haijulikani vema, na kwamba yeye hana dawa ya kuzirudisha. Maji hayaponyi ugonjwa huu, kwa maana si kiu. Mtu anaweza kunywa mtungi mzima na kinywa kikabaki kikavu. Lakini kinywa kinaweza kutunzwa. Maji yanywewe kidogo kidogo, mara kwa mara, si kwa pupa. Ugoro uachwe kabisa. Chakula kiwe na mchuzi. Sukari na asali zipunguzwe, kwa sababu meno yasiyooshwa na mate huoza haraka. Mswaki utumike asubuhi na jioni, mti laini, bila unga wa mkaa. Baada ya kula, kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Midomo ipakwe samli.

Nassibu aliyapokea yote kama askari anayepokea amri, na mkewe anashuhudia kwamba hajakosa hata siku moja. Ugoro aliouvuta miaka thelathini aliutupa njiani akitoka dispensari.

Lakini kabla ya kutoka aliuliza swali ambalo dresa hakulitegemea.

"Mwanangu, mtu asiye na ugonjwa huu, naye anaweza kukauka kinywa?"

"Akiogopa, baba. Hata mimi siku ya mtihani nilishindwa kumeza mate. Hofu hukausha kinywa cha mtu yeyote, mwenye hatia na asiye na hatia."

"Na mwizi asiyeogopa?"

"Huyo mate yake hayana habari naye, yanatoka tu."

Nassibu alirudi nyumbani kwa miguu. Ilimchukua miezi minane mingine kwenda kumtafuta Mageni. Miezi hiyo minane haina udhuru, na yeye mwenyewe haombi udhuru. Alijua nyumba ilipo. Ndugu wa Mageni, Masele, huleta ng'ombe mnadani, nao walisalimiana kila Jumamosi kwa baridi.

Mwezi uliopita alikwenda, akitanguliwa na Masele. Mageni alikuwa akitwanga. Ni mwanamke wa miaka arobaini, mrefu, mwenye mapengo mengi mdomoni kuliko umri wake. Hakumwamkia mgeni wake. Alikitazama kibuyu kilichoning'inia begani, akamtazama midomo, na yeye ndiye aliyeanza.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa, mayu," alijibu Nassibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi mwaka wa kumi na mbili."

Alimwonyesha kigoda. Nassibu hakukaa. Alisema alilokuja kusema akiwa amesimama: kwamba mchele haukujua lolote, kwamba aliombwa maji akayanyima, kwamba alimwita mwizi naye hakuwa na ushahidi. Alisema ana ng'ombe mmoja mwenye mimba na yuko tayari kumleta.

"Ng'ombe wako mpeleke mnadani," Mageni alijibu, akiendelea kutwanga. "Mimi sikuibiwa ng'ombe. Uliinua mkono wangu mbele ya watu ukapiga kelele. Sasa umekuja uani kwangu unanong'ona. Hapa ananisikia nani? Kuku?"

"Unataka nifanye nini?"

"Ulipiga kelele. Piga kelele."

Walikubaliana iwe mnadani, saa nne, watu wanapojaa. Masele alimwuliza dada yake kama atakuja kusikia. Alikataa.

"Sitakuja. Nitasikia kutoka kwa watu wasionipenda. Hao wakija kuniambia, nitajua umesema."

Baada ya hapo, Nassibu anasimulia, mambo yalilegea kidogo. Mageni alimwuliza anakula nini, akamcheka. Yeye hakuwa amepata kuonana na dresa, lakini miaka kumi na miwili ilikuwa imemfundisha. Alimwambia aache kumumunya ukwaju, jambo ambalo Nassibu alikuwa akilifanya kila mnada ili mate yaje.

"Ukwaju unaleta mate kidogo na unakula meno mengi. Mimi meno yangu yaliliwa na ukwaju, si uzee. Tafuna ulimbo wa mti, ule usio na ladha. Na mlenda, mlenda kila siku. Maziwa mgando. Ugali wa mtama uwe laini. Ukilala, lala ubavu, ufunge mdomo, upumue kwa pua. Aliyekufundisha hakukwambia hilo?"

"Hakuniambia."

"Basi kamwambie."

Nassibu alikwenda akamwambia. Telesphori sasa amemwomba Mageni aje dispensari achunguzwe na kusafishwa fizi. Mpaka leo hajaja. Anasema atakuja akiitwa kwa jina lake, si kwa jina la kambini.

Saa tatu na nusu. Uwanja umejaa hadi kwenye ua wa miiba. Nassibu amekwisha kuuza ng'ombe kumi na wanne, na kibuyu cha kwanza kimekwisha. Wanunuzi wa upande wa nyuma wanamwambia apaze sauti. Anawanadia kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno, na Karani Kamili anamtazama kwa jicho kali. Anatafuna kitu polepole, ni ulimbo.

Saa nne inatimia, na ng'ombe wa kumi na tano amekwisha kuuzwa na kutolewa. Nassibu anashusha fimbo, anaivua kofia yake na kuitia mfukoni. Masele, aliyekuwa amechuchumaa kando ya ng'ombe wake, anasimama.

"Mnada umesimama!" anasema Nassibu, na sauti inatoka nzima. "Nisikilizeni. Wale waliokuwa kambini kupita Kharumwa mwaka ule wa kikopo cha dhahabu, nawaona hapa. Mimi ndiye niliyekuwa mnyapara. Nilimpa Mageni binti Mihayo mchele wa kiapo. Aliniomba maji, akaniambia kinywa chake kina ugonjwa. Nikamnyima. Nikamwita mwizi. Nilisema uongo, kwa sababu nilisema nisilolijua. Mageni binti Mihayo si mwizi!"

Halafu anayarudia yote kwa Kisukuma. Katikati ya maneno ulimi unamshika. Midomo inakwenda, sauti haiji. Mtu mmoja anacheka. Nassibu anainama, anachukua kibuyu cha pili chini ya sanduku, anapiga funda, analizungusha kama kawaida yake bila haraka, na watu zaidi ya mia nne wanamngoja. Kisha anaanza tena tangu mwanzo, si pale alipokatikia.

"Ikiwa mchele ni mwongo," anaita Hatibu, "basi na wewe tuonyeshe!"

Huenda mchinjaji alitaka mzaha tu. Nassibu anatoa mfukoni kifundo cha kitambaa kilichofungwa mchele. Anatia mchele kinywani, anatafuna mbele ya watu, anatema, na mara hii anafungua mkono, anauzungusha ili kila upande uone. Unga mkavu unapeperushwa na upepo.

Hapo ndipo Hatibu anapokwenda mbele zaidi kuliko alivyokusudia. "Nami nipe," anasema, akichukua mchele uliosalia. Anatafuna kwa mbwembwe na kutema donge lililolowa, jeupe, linalong'aa. Analiinua juu.

"Hatibu hana hatia!" anapaza sauti Masele. "Mmeona? Hatibu, aliyetupunja ratili mbili Jumamosi iliyopita, hana hatia!"

"Ratili tatu!" mwanamke mmoja anasahihisha.

Uwanja mzima unalipuka kwa vicheko, hata Hatibu mwenyewe anatazama donge lililomo kiganjani mwake kama kitu alichokiokota barabarani, kisha analitupa na kujifuta kwenye suruali. Hakuna hoja iliyoweza kueleza jambo hilo vizuri zaidi, na hakuna aliyeipanga.

Karani Kamili anagonga meza. "Ng'ombe wa kumi na sita," anasema. Baadaye, akiulizwa kama Jumamosi ijayo atatafuta mnadi mwingine, anajibu kwamba hilo ni jambo la ofisi, kisha anaongeza kwamba sauti ya mzee yule ilisikika mpaka kwenye bwawa.

Siku ya Jumatatu Mageni alikuwa uani akianika mboga. Aliulizwa kama amepata habari.

"Watu watatu wamekuja kuniambia," alisema. "Wawili ni rafiki za Masele, hao siwahesabu. Wa tatu ni jirani wa ng'ambo ya kijito. Alikuja kuniomba chumvi. Ana chumvi, mume wake anauza chumvi. Akasimama hapo, akasema kule Didia wamesema hivi na hivi, kisha akaondoka bila kuichukua." Aligeuza mboga upande wa pili. "Sijui kama nimefurahi. Baba yangu alikufa mwaka juzi. Yeye hakusikia."

Aliulizwa kama amemsamehe Nassibu. Alisema swali hilo aulizwe siku nyingine, na kwamba Alhamisi anakwenda dispensari kumwonyesha dresa meno.

Nassibu hakutegemea jibu jingine. Amekwisha kuomba ruhusa ya majuma mawili kwa karani baada ya mavuno ya pamba, naye amepewa. Katika miaka yake ya uapishaji, watu watano walitema unga mkavu mbele yake. Mageni alikuwa mmoja. Wawili wako Kharumwa. Mwanamke mmoja, Salvina, aliolewa upande wa Ushirombo. Wa tano alikufa, lakini ana watoto, na Nassibu amekwisha kuulizia kijiji chao. Atakwenda kwa miguu, na vibuyu viwili, na ulimbo, na mkewe amemshonea mfuko wa kutilia miswaki.

Alipoulizwa kama hao wanne nao walikuwa na ugonjwa huu, alitikisa kichwa.

"Sidhani. Labda waliogopa tu. Na labda mmoja wao aliiba kweli. Sijui. Hilo ndilo ninalokwenda kuwaambia, nyumba kwa nyumba: kwamba nilisimama mbele ya watu nikasema najua, nami sikujua."

Akapiga funda, akalizungusha, akalimeza.

"Nitaanza na wa Kharumwa," akasema. "Wao ni wazee kuliko mimi."